Mbao za Sulemani

Fundi Sulemani wa avenue ya kumi na tatu, Buyenzi, alikuwa mtu wa kuudhi kwa wema. Mchana kutwa alikuwa chini ya magari ya watu, lakini moyo wake ulikuwa shambani kwake Gasenyi, nje ya mji, kwenye mikaratusi arobaini aliyoipanda kabla ya vita. Akifa mtu mtaani kwetu, Sulemani huangusha mti, akapasua mbao za kumfunikia maiti kaburini kabla ya udongo, wala hapokei kitu. Nyumba yake mwenyewe ilivuja kila pembe.

Mwaka 2004 akaja bwana mmoja, Sylvère, na utepe wa kupimia. Akauzungushia kila mti kiunoni, akaandika. Alieleza kwamba viwanda vya ng'ambo vimechafua hewa hadi mvua na jua vimepoteza adabu, na sasa wenye viwanda wananunua hewa inayosafishwa na miti ya wengine. Sulemani angepata mabati thelathini papo hapo. Sharti lilikuwa moja: asikate hata mti mmoja kwa miaka ishirini.

Mimi ndiye niliyemsomea karatasi, maana Kifaransa nakijua na mdomo ninao. Alisikiliza, akapangusa grisi mikononi.

"Na mutu akikufa, Yahaya, tutamufunika na nini? Na hewa?"

Nilicheka. Nikamwambia mbao zimejaa sokoni, na bahati haiji mara mbili. Adija, mkewe, alikuwa amechoka kuhamisha sufuria kila mvua inyeshapo; akaniunga mkono. Sulemani akatia sahihi. Mabati yakaletwa, yakaegemezwa ukutani kungoja misumari.

Siku ya nne, alfajiri, mama yangu akafariki. Bunduki zilikuwa zikisikika milimani na soko halikufunguliwa. Nilizunguka Buyenzi nzima nikitafuta mbao, nikarudi mikono mitupu. Kwetu maiti hangojeshwi. Mlango wa Sulemani niliupita kwa mbali, kwa aibu.

Saa sita nikamkuta uani kwangu, mbao begani, mbichi bado. Alikuwa amekwenda Gasenyi na kurudi kwa miguu, siku ambayo hata madereva walikataa kutoka. Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia nishike upande wa pili, mama asingojeshwe.

Baada ya maziko alipakia mabati kwenye mkokoteni. Adija ndiye aliyefunga kamba. Niliwafuata hadi ofisini kwa Sylvère, na mara hii Sulemani hakutaka msomaji.

"Muti moja nimekata," alisema. "Mabati yenu ni haya. Hewa muendelee kuvuta, mi siuzishe tena."

Jioni ile mvua ilinyesha. Nikaenda kwake bila kuitwa, nikampokea Adija sufuria, nikasimama nayo chini ya tundu kubwa.