Ubeti wa Tatu

Harufu ya ngozi ya ngoma ikipashwa moto hunikera hadi leo. Nilipokuwa darasa la saba, kanisa letu karibu na Sosiot lilikuwa na meko nyuma ya ukumbi, na kila Jumamosi, mvua ikiwa imeilegeza ngozi, niliishika ngoma karibu na makaa mpaka ikaze. Usoni nilipigwa na moshi, mgongoni na baridi iliyopanda kutoka kwenye mashamba ya chai. Nilikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya watoto, na niliipenda nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote, maana sauti yangu ya kuimba haikuwa na wa kuisifu.

Tatizo lilikuwa wimbo tuliouandaa kwa mashindano ya makanisa. Ulianza taratibu, ubeti wa pili ukachangamka kama shangwe za harusi, kisha wa tatu ukarudi taratibu. Kuongeza mwendo hakukunisumbua. Kupunguza ndiko kulikonishinda. Mikono iliendelea mbio, na nikiizuia ilizubaa, waimbaji wakaniacha. Mwalimu Chelangat, aliyetufundisha, alisimamisha wimbo kila mara.

"Chebet, unakimbia tena. Shika pigo."

Tukarudia, nami nikakimbia tena, na wenzangu wakaanza kuguna. Nyumbani niligonga ndoo mpaka masikio ya Mama yakachoka. Siku moja tukichuma chai aliniona nikigonga kikapu, akaniambia kwamba mwenda pole hajikwai. Nusura nilie kwa hasira. Methali ilijua kila kitu isipokuwa mkono wangu uanguke lini.

Mashindano yalifanyika kanisa moja la upande wa Kabianga. Beti mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wa tatu ulipoanza nikatangulia, mstari wa nyuma ukanifuata mimi, wa mbele ukaufuata mkono wa Mwalimu, na wimbo mmoja ukawa nyimbo mbili. Mwalimu akanijia, akaweka kiganja chake juu ya ngozi. Ngoma ikanyamaza. Kwaya ikajikusanya, ikamaliza bila mimi, vizuri kuliko tulivyowahi kuimba. Mwamuzi akasema mwisho ule ulimgusa. Tukawa wa pili, wenzangu wakakumbatiana, na hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jumamosi iliyofuata ngoma ilikuwa mbele ya msichana mwingine.

"Pumzika kidogo, Chebet," Mwalimu aliniambia.

Sikurudishiwa tena.

Siku hizi kanisani kuna kinanda cha umeme. Anayekipiga hubonyeza kitufe, mwendo ukabadilika bila kosa, na watoto hawajui kwamba jambo hilo liliwahi kumtoa mtu machozi. Mimi huimba na akina mama sauti ya pili. Humo ndimo nilimogundua, nikiwa mtu mzima, kwamba kabla ya kupunguza mwendo waimbaji huvuta pumzi pamoja, na pigo liko kwenye pumzi hiyo. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu. Mara mia niliambiwa nilishike pigo. Hakuna aliyeniambia linapatikana wapi.

Mwalimu alistaafu zamani. Tukikutana sokoni hunishika mkono, akasema wimbo wetu ule ulikuwa mzuri kweli. Nami humjibu, "Ndiyo, Mwalimu, ulikuwa mzuri," kisha naondoka nikitembea haraka mno, mfuko wa viazi ukinigonga magoti.