Wimbo Ambao Mumewe Hakuwahi Kuusikia

Juzi, kwenye gereji moja ya mtaa wa Ghala, huku Uarabuni, sisi tuliokuwa tukisubiri magari tulikuwa tukitazama kwenye televisheni historia ya yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Bibi mmoja aliyekaa na mumewe akaanza kuufuatisha wimbo wa zamani kwa midomo.

“Waujua huu?” mumewe akashangaa.

“Nliuimba skuli, Unguja. Wakataka nikaimbe kwenye televisheni, baba akakataa.”

“Miaka yote hii, mbona hukunambia?”

“Hukuniuliza.”

Mzee akachukua rimoti, akanyamazisha televisheni, akamgeukia. “Basi niimbie.”

Bibi akavuta mtandio. “Sauti ishakwenda, bwana.”

Wenzetu wa Ulaya kila mwaka huulizana nani anajua kuimba. Sisi majumbani huulizana kama chai tayari.