Gadi Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Jumatatu asubuhi, nikisubiri mahamri yangu yatolewe mafutani, binti wa rafiki yangu wa Tudor alinipigia simu kuniambia kwamba babake amefariki usingizini. Nilisema yale yanayosemwa, nikampa pole, kisha nikaondoka bila mahamri. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua sipendi kuzungukazunguka, basi niseme wazi: nilishikwa na hofu kabla ya kushikwa na huzuni. Marehemu alikuwa gadi wa treni, mzaliwa wa milima ya Taita, na tangu astaafu alizoea kuja Mji wa Kale kila Jumapili akitoka kanisani ili anywe kahawa nasi barazani. Katika kipochoro chetu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na woga wa kweli, na sasa hayupo.

Aliuogopa ukuta. Mkabala na baraza letu kuna nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe. Paa lake limeshakwenda, na ukuta wa upande wa njia umetoka tumbo. Chini ya tumbo hilo pana mlango wa chuo cha Kurani, na kila alasiri watoto huvua viatu vyao hapo wakaingia. Jumapili ya kwanza mzee alikataa kukaa. Muuza kahawa akamwita, "Njoo ukae, mzee wangu. Ukuta huu uko tangu enzi za babu zetu, wauogopani?" Akajibu, "Nauogopa kwa sababu hiyohiyo," akanywa kahawa yake akiwa amesimama mbali. Tulicheka sana. Tukamtania kwamba simba wa Tsavo ndio waliomtia kiwewe ujanani. Yeye akauliza, "Ni nani aliyekwenda kuripoti?" Mmoja wetu akasema, "Ah, wenyewe washajua." Hapo uso ukambadilika, akatuhadithia habari za reli yake.

Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye tawi la reli linalotoka Voi kwenda Taveta. Waingereza walilitandika mbiombio wakati wa vita vikuu vya kwanza, wapate kupeleka askari kupigana na Wajerumani, na vita viliposonga mbele wakaliunga na reli ambayo Wajerumani wenyewe walikuwa wameijenga kutoka Tanga hadi Moshi. Njia iliyozaliwa kwa ajili ya bunduki ikaishia kubeba katani, ndizi na akina mama wa sokoni. Treni hazikuweza kupishana ila stesheni, kwa hiyo kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kilikuwa na kirungu kimoja cha chuma. Dereva aliyekishika ndiye mwenye njia, na asiyekishika haingii hata kama amembeba rais. Akifika stesheni anamkabidhi stesheni masta, naye anampa dereva anayefuata. Mzee alisema dereva wa tawi lile angeweza kusahau chakula chake nyumbani, lakini kirungu mkono ulikitoa wenyewe bila kuambiwa.

Siku moja mzigo uliwashinda mlimani. Wakafanya kama ilivyokuwa desturi: injini ichukue mabehewa ya mbele iyafikishe stesheni ya juu, kisha irudi kuchukua yaliyobaki. Gadi akabaki na nusu ya treni, likiwamo behewa la abiria. Kanuni zilimtaka atangulie mbele akaweke fataki juu ya reli, zile zinazolipuka gurudumu likizikanyaga ili dereva apate kusimama. Lakini dereva alimwambia, "Usijichoshe na jua hili. Kirungu ninacho mimi, nani atakuja?" Ni kweli, dereva anayerudi kuchukua mabehewa hapaswi kukiachia kirungu kamwe. Gadi akakaa kivulini na abiria, akapewa ndizi. Halafu, alituambia, akaiweka ndizi chini, akainuka. Hakuwa amesikia kitu wala kuona kitu, aliogopa tu. Akachukua fataki na bendera nyekundu akaanza kupanda na reli, huku akina mama wakimzomea kwamba gadi amemwona simba.

Alikuwa amemaliza kuweka fataki ya mwisho aliposikia injini nyuma ya kona, na honi yake haikuwa ya dereva wake. Huko juu dereva alikuwa amefika stesheni, na mkono ukafanya ulivyozoea, ukakitoa kirungu. Stesheni masta hakuangalia kama treni imefika nzima, kwa kuwa kirungu alishakipata, na treni iliyokuwa ikingojea kuteremka ikapewa njia kwa haki kabisa. Fataki zililipuka, breki zikapiga ukelele, na injini ikasimama karibu naye hata akaona jasho likimtiririka dereva kidevuni. "Hakuna aliyekuwa mlevi siku ile," mzee alituambia. "Wala hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mtu alimwamini mwenzake." Punde mtu akaleta habari za mpira.

Kwenye matanga kule Tudor binti yake alinivuta kando. "Baba alinituma nikuulize," akasema. "Wale watoto wa chuo wamehamishwa?" Nikamuaga palepale. Nilirudi Mji wa Kale mbiombio, maana masika yamekaribia na mawe yale yakinywa maji huwa mazito. Nikamwendea msimamizi wa nyumba ile, akanijibu, "Mwalimu wa chuo alisema ataripoti." Mwalimu akasema, "Mimi nalidhani msimamizi keshakwenda zamani." Muuza kahawa alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Sisi sote twajua wewe ushaandika gazetini." Nami, wapendwa, nilikuwa nimeamini kwamba jambo linalojulikana na mtaa mzima haliwezi kukosa mwenyewe. Tangu hapo kila ninakopita naona hatari ya namna hii, kuanzia nyaya zinazoning'inia juu ya vibanda vya Majengo hadi mitungi ya gesi iliyopangwa ngazini kwenye maghorofa ya Tudor. Nikiuliza, naambiwa kuna mtu anayeshughulikia. Jibu hilo linaniogopesha kuliko hatari yenyewe, kwa sababu wanaonijibu ni watu wema na wanasema kwa dhati.

Siku hiyohiyo tulikwenda kuripoti kwenye ofisi za kaunti, msimamizi, mwalimu na mimi, na chuo kimehamia sebuleni kwangu mpaka ukuta utakapobomolewa. Kufikia leo bado umesimama. Majirani wananiuliza kila nikipita, "Mwandishi, ukuta wako waanguka lini?" Wingu likitanda natoka mlangoni kuutazama, nao wanacheka zaidi. Marehemu amenifundisha kwamba kuogopa nako ni kazi, tena kazi isiyo na sifa, kwa sababu anayeifanya vizuri huonekana mpumbavu: lile aliloliogopa halimdhuru mtu, na hapo hapo watu husema hapakuwa na lolote. Basi na wanicheke. Watoto wako kwangu, wanapiga kelele, wanamaliza sukari yangu, na wako hai.