Mtoto Aliyeruka Nne

Mwalimu wa chekechea alinisubiri mlangoni na uso wa mtu aliyekwisha kupanga maneno yake.

"Mwanao anahesabu vizuri," alisema, "lakini nne haitaji. Moja, mbili, tatu, tano. Kila siku. Nikimsahihisha ananyamaza, ananitazama kama mimi ndiye niliyekosea."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mfanyie mazoezi nyumbani," akaendelea. "Mtafutie vitu vya kuchezea, vile vya kufundishia. Akienda skuli hivi, wenzake watamcheka."

Binti yangu wakati huo alikuwa anakaribia miaka mitano. Akiulizwa umri wake, hujibu, "Nilikuwa mitatu, sasa nnangoja mitano," na watu humbusu mashavu wakiona ni maneno ya kitoto. Na mimi niliona hivyo hivyo. Siku ile nikatembea naye, mkono wake umo mkononi mwangu, nikijiuliza imekuwaje sikuwahi kulisikia lile pengo.

Tunakaa Mpendae, mimi, mume wangu na binti yetu huyo mmoja. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya Kendwa na huja nyumbani siku mbili kwa wiki. Mimi nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, Mji Mkongwe. Chekechea iko karibu na kazini kwangu, na nyumba ya mama mkwe wangu iko vichochoro viwili tu kutoka hapo. Kwa hivyo mchana yeye humchukua mjukuu wake, akakaa naye mpaka nimalize kazi, nami hupita kumchukua mbiombio turudi Mpendae.

Nilianza na kazi ninayoijua. Nikachapa tarakimu kubwa kubwa, moja mpaka kumi, kila moja na samaki wake pembeni, nikazipitisha kwenye mashine ya kuvisha plastiki. Nyumbani nikazitandaza mkekani. Binti yangu alizipenda. Akazipanga mstari mmoja, polepole, kwa mpango kabisa, kisha kadi ya nne akaitoa, akaiweka kando, na pale ilipokuwa akaacha nafasi wazi inayoitosha.

"Mbona hii umeitoa?"

"Hiyo haikanyagwi, mama."

"Haikanyagwi vipi? Hii ni kadi. Nani kakwambia uikanyage?"

Akanitazama vile vile alivyosema mwalimu. Kisha akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kwenye ile nafasi wazi alinyamaza, akanyanyua visigino kidogo, midomo ikamchezacheza, halafu akashuka kwenye tano na kuendelea mpaka kumi bila kosa.

Mume wangu aliporudi nikamsimulia. Naye alikuja na kibao cha mbao ambacho wageni fulani walikiacha hotelini walipoondoka na watoto wao, kimechongwa mashimo ya tarakimu, kila tarakimu na rangi yake na shimo lake. Akakaa chini na mwanawe. Tarakimu tisa ziliingia mahali pake. Nne, ya rangi ya manjano, mtoto aliifuta kwa ncha ya gauni lake, akampa baba yake aishike.

"Labda haipendi rangi ya manjano," mume wangu akasema.

Nikampa kalamu ya kijani, akaipaka. Haikusaidia kitu.

Basi ikawa ndiyo shughuli yangu. Sikuwa na wasiwasi tena kama siku ya kwanza, maana nilikuwa nataka kujua. Sokoni Darajani nikamnunulia simu ya plastiki inayopiga kelele za tarakimu kwa Kiingereza ukibonyeza. Nilidhani atairuka na nne ya Kiingereza. Wapi! Alizihesabu zote, nne ikiwemo, kwa sauti ile ile ya puani kama simu yenyewe. Kumbe idadi anaijua. Lile neno la kwetu ndilo lenye jambo.

Nikaokota vifuniko vya soda kwenye duka la jirani, nikaviosha. Nikampangia vitano.

"Vingapi?"

Akagusa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kidole kilikipita kwa juu bila kukigusa. Akagusa cha mwisho. "Vitano."

Jibu lilikuwa sahihi. Nikampangia kumi, akapata kumi. Nikampangia vinne, akahesabu vitatu, akasita, kisha akakisukuma kile kilichobaki mpaka nje ya mkeka, taratibu, kama unavyomsogeza kuku wa watu asiingie ndani.

Nilikaa nikivitazama vile vifuniko muda mrefu. Mtoto aliyesahau nne angefika kumi akiwa na vifuniko tisa mkononi. Wangu hakupotea hata mara moja. Alijua pana kitu pale, alijua kinachukua nafasi, na kwa kusudi hakukigusa. Nani aliyemfundisha? Nikafikiria michezo ya kuruka mistari inayochorwa chini, nikaenda kuuliza chekechea. Hawaichezi, mwalimu alisema, uwanja wao mchanga mtupu. Nikamuuliza mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele kwenye baraza ya juu, hata hakunyanyua macho.

"Mtoto ana akili kuliko sisi wote," akasema. "Mwacheni."

Jibu nililipata kwa sababu ya umeme. Ulikatika saa sita, mashine zikazima, tajiri wetu mwenye duka akaturuhusu twende. Nikaenda kwa mama mkwe mapema, saa ambayo siku zote huwa niko kazini. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Ndani, baada ya jua la nje, sikuona kitu kwa muda, nikasimama macho yazoee. Ndipo nikawasikia. Walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka chekechea, wako mwanzo wa ngazi, bibi na mjukuu, wameshikana mikono.

"Moja," bibi alisema, na mtoto akapanda.

"Mbili."

"Tatu."

Hapo bibi akaushika ukuta, akamvuta mtoto kwa juu, akasema kwa sauti ya chini, "Bismillahi." Mtoto akaruka. Wakatua pamoja kidato cha juu yake.

"Tano!" mtoto akapiga kelele.

Miguu yangu iliijua ile ngazi. Kidato cha nne ubao wake ulioza zamani, mvua za paa lililokuwa linavuja ziliumaliza, na sote tulioolewa au tuliozaliwa nyumba ile tunaupita bila kufikiri, kama unavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi. Mimi nikija jioni humbeba mtoto, nikashuka naye kwa haraka. Sikuwahi hata siku moja kupanda naye kwa miguu yake. Na ile midomo iliyokuwa ikichezacheza, nikafahamu, ilikuwa ikisema bismillahi.

"Hodi," nikasema kutoka chini.

"Naam! Karibu. Mbona mapema, kuna nini?"

Nikapanda, nikaruka pale pa kuruka, na nikiwa bado nahema nikamweleza mama mkwe nne ya mtoto imepotelea wapi. Mwanzo alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Kisha kicheko kikakatika. Akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akauvuta mtandio wake sawasawa.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Mwaka mzima nnamfunza mtoto kosa."

"Si kosa, mama. Umemlinda asivunjike mguu."

"Na mwalimu anamwona mjinga."

"Hajasema mjinga."

"Nyinyi hamjasema. Lakini mlikuwa mkimtafutia dawa." Akageukia dirisha. Mama mkwe wangu ni mwanamke aliyezaliwa katika nyumba kubwa, ya Waarabu wenye mashamba, akazeekea katika vyumba viwili vya ghorofani ambavyo hana uwezo wa kuvitengeneza kila vinapobomoka, na lile la kidato naona lilimgusa mahali pengine zaidi ya mtoto. Nikaenda kumwoshea vyombo.

Siku ya pili alimwita fundi seremala. Ubao mpya ukatiwa, mweupe kati ya zile mbao nyeusi. Nilidhani mambo yamekwisha. Jioni nikampeleka mtoto mpaka chini ya ngazi, nikamwonyesha.

"Tazama, umepona. Sasa unaweza kupanda."

Alipanda mpaka tatu. Akautazama ule ubao mweupe. Akasema bismillahi yake, akaruka.

Fundi, ambaye alikuwa bado anakusanya misumari yake, akaenda kusimama pale, akarukaruka kwa miguu miwili mpaka vumbi likatoka. "Umeona? Hauvunjiki!"

"Wewe ni fundi," mtoto akamjibu.

Aliyemaliza mambo ni bibi yake, na hakuwa na haraka nayo. Nilikuwa nimemletea zile kadi zangu na kile kibao, nikidhani atavitumia. Aliviangalia kwa heshima akavipanga juu ya kabati. Kisha akatoa kopo la komwe, zile kete za mbegu za kijivu ambazo marehemu mumewe alikuwa akichezea bao, na akakata vipande vya kanga kuukuu akashona vifuko kumi na moja, kwa sababu ngazi ile ina vidato kumi na moja. Kwenye kila kifuko alitia komwe kwa hesabu ya kidato chake. Kila mchana, kabla ya kwenda chekechea kumchukua mtoto, aliviweka ngazini, na kazi ya mtoto ilikuwa kuvikusanya anapopanda, kuvifungua juu na kuona kama bibi hakumpunja.

Kifuko cha nne mtoto alikuwa akikivuta kwa mkono akiwa amesimama kwenye tatu. Bibi hakusema kitu. Baada ya siku mbili tatu alianza kukisogeza ndani zaidi, karibu na ukuta, mkono usifike. Mtoto akakiacha. Alipovifungua juu, vifuko vikawa kumi, akauliza kimoja kiko wapi.

"Kipo pale pale nilipokiweka," bibi akamwambia. "Mimi magoti yananiuma, siwezi kushuka kukifuata."

Kwa siku kadhaa kikabaki huko. Nikimuuliza mama mkwe vipi leo, ananijibu, "Kipo," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefurahia jambo.

Siku moja nikawakuta ngazini wote wawili. Bibi alikuwa amekaa juu ya ule ubao mweupe, miguu yake kwenye kidato cha pili, anajipepea. Mtoto alikuwa amesimama chini, kwenye sakafu, amemkodolea macho.

"Bibi, umekaa hapo?"

"Nimechoka, nshakwambia magoti yananiuma. Napumzika."

"Hapo ni ngapi?"

"Hesabu mwenyewe."

Mtoto akanyoosha kidole. "Moja. Mbili. Tatu." Akanyamaza. Visigino vilinyanyuka, lakini safari hii palikuwa na bibi mzima, na buibui lake na upepeo wake, hapana pa kuruka.

"Mimi nipo au sipo?" bibi akauliza.

"Upo."

"Basi niite. Nimekaa juu ya ngapi?"

"Nne," mtoto akasema, na akacheka kwa nguvu kama aliyesema neno la matusi mbele ya wakubwa. Akapanda, akakaa pembeni ya bibi yake, akabana mguu wake mmoja chini yake kwanza, kisha akauteremsha. Nilisimama mlangoni sikuthubutu hata kuvua viatu.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nne ilitajwa kwa kelele kuliko tarakimu zote. Mwalimu akaniambia anaisikia tangu nje. Nilipomweleza kisa cha ngazi, aliniomba vile vifuko avione. Sasa anavyo vya kwake, alishonewa na mama mkwe wangu, na watoto huvipanga juu ya vizingiti vya madirisha. Aliniambia pia kwamba ameanza kuwauliza watoto wanaokosea wameona nini kabla ya kuwasahihisha. Mmoja alikuwa akihesabu vidole tisa tu, kwa sababu babu yake, mvuvi wa Jambiani, ana tisa, na vidole vyake ndivyo alivyojifunzia.

Mimi nimeacha kununua simu za plastiki. Nakaa naye mkekani nikamwachia vifuniko, komwe, vijiti, nikamtazama anafanya nini navyo.

Juzi tulifika kwa bibi yake pamoja, siku ya mapumziko. Bibi alikuwa ametangulia juu. Mtoto alisimama chini ya ngazi, mguu mmoja tayari kwenye kidato cha kwanza, halafu akaurudisha sakafuni.

"Mama, hii ni moja," akaonyesha kidato. "Na hapa niliposimama ni ngapi?"

"Hapo bado hujaanza," nikamwambia.

"Lakini mimi nipo."

"Panaitwa sifuri."

"Sifuri ni kitu?"

Nikampigia kelele mama mkwe nimuulize, naye kutoka juu alishalisikia swali lote.

"Hilo lako wewe," akajibu. "Mimi natia chai. Pandeni!"