Dawa ya nywele ilikataa kisogo cha dada yangu, arusi ni keshokutwa

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio humu. Naandika polepole, mnivumilie. Haya niliyashika kwa mikono yangu, sikusimuliwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kakamega. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilitengeneza nywele za watu nyumbani kwetu Shieywe. Kuongea mbele ya watu kulinishinda, lakini kichwa cha mtu nilikielewa.

Dada yangu Rosa alikuwa aolewe Jumamosi, Mukumu. Alhamisi akaenda kwa rafiki yake. Wakafumua rasta, wakakwangua mba kwa kichana, na saa hiyo hiyo wakatia dawa ya kunyoosha.

Kina dada mnajua kilichofuata. Ngozi iliyokwanguliwa haitaki dawa siku hiyo.

Ikachoma. Wakaosha mbio kabla haijafanya kazi kote. Rosa akarudi mbele kumenyooka, kisogo bado kipilipili, na vidonda vidogo juu.

Nyumbani alikuwa ameshafika senje, dada ya baba. Kwetu senje ndiye mwenye neno juu ya bibi arusi. Akaninyooshea mkebe wa dawa iliyobaki, ambao Rosa alirudi nao.

“Paka tena kichwa kizima. Ama unataka aende kwa padri na kisogo cha kondoo?”

“Paka tu,” Rosa akasema. “Nitavumilia.”

Nikasema hapana. Sauti ilitoka ndogo mpaka senje akaniuliza kama nina homa.

“Senje, zitakatika.”

“Wewe umesomea nywele wapi?”

Nilikata kishungi chembamba karibu na sikio, pale palipokwisha kunyooka. Nikakipaka ile dawa kwenye sahani, tukangoja, nikasuuza, nikampa senje avute.

Kikavutika kama chingamu, kisha kikakatika.

Senje akapangusa vidole vyake. “Funika huo mkebe,” akasema.

Rosa akaanza kulia, nami nikaanza kazi. Nilimwosha tena na tena kwa shampuu ya kuua dawa, nikapaka krimu ya kulainisha, vidonda nikaviacha. Ijumaa nikamtia rola kubwa, nywele zikakauka zenyewe bila moto. Kisogo nikakibana kwa pini chini ya veli.

Aliolewa akiwa amependeza. Hakuna aliyeuliza kuhusu kisogo.

Halafu tukangoja wiki nyingi, ngozi ipone kabisa. Ndipo nikapaka mafuta mazito kwa nywele zilizonyooka ili dawa isiziguse, nikatia dawa ya aina ile ile kisogoni peke yake. Nikazilaza nywele kwa mgongo wa kichana, nikaosha muda ulioandikwa kwa mkebe ulipofika.

Kisogo kikalala. Nilipochana, kichana kilitoka safi.

Nilichojifunza: dawa ikikataa, usirudie siku hiyo. Usichanganye aina mbili. Jaribu kishungi kwanza, na uguse tu mahali palipobaki. Nywele zinaweza kungoja, zikishakatika hakuna cha kunyoosha.

Senje alipokuja tena kututembelea, hakusalimia sana. Alivuta kiti, akafungua kitambaa chake, akaniinamishia kichwa.

“Anza na jaribio,” akasema.

Kama kuna kichwa kimekataa dawa huko kwenu, elezeni hapa kabla hamjarudia. Na mliowahi kurudia siku ile ile, tuambieni nini kilibaki.