Mgeni Anaumwa Kichwa

Kauthar, mzaliwa wa Kaloleni, alikuwa akifundisha Kijerumani kwenye chuo kidogo cha waongoza watalii pale Sekei. Mwaka huo aligoma kuwapima wanafunzi kwa karatasi peke yake. Alimwomba Mzee Hans, Mjerumani aliyestaafu na kuhamia Moshono, aje aigize mtalii anayezidiwa akipanda Mlima Meru. Mwanafunzi hakuambiwa mgeni atasema nini. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza na kumsaidia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Prosper, aliyeongoza kila mtihani wa maandishi. Kampuni moja ya utalii ilikuwa imeshampangia kupanda na wageni Jumamosi.

"Kichwa kinanipasuka," Hans akasema kwa Kijerumani. "Na kila kitu nakiona mara mbili."

"Vizuri sana," Prosper akajibu, matamshi yamenyooka. "Kulia kwenu mtaona mbega."

Hans akarudia, polepole zaidi, akaegemea ukuta, akateleza hadi chini. Prosper jasho lilimtiririka, lakini hotuba aliyoikariri haikukatika: urefu wa mlima, nyati, maua. Akamaliza kwa kumtakia safari njema mtu aliyelala sakafuni.

Akafuata Zamda, ambaye sarufi yake ilikuwa balaa. Alipiga magoti papo hapo. "Wewe kichwa? Tangu lini? Vidole ngapi?" Hans alipong'ang'ania kwenda kileleni, Zamda alimshika mkono. "Hapana. Chini. Sasa. Mimi pamoja wewe."

Mchana huo mkuu wa chuo, Bwana Manase, alimwita Kauthar ofisini.

"Huyu anayevunja lugha umempitisha, halafu Prosper umemwangusha? Badilisha hiyo alama, Mwalimu."

"Sibadilishi, mkuu."

"Kampuni ikimkosa Jumamosi, mwakani haichukui mtu hapa. Na mkataba wako unaisha Desemba, unakumbuka?"

Kauthar alikumbuka vizuri. "Mgeni akizidiwa kule juu, huyu kijana atamsimulia habari za mbega."

Mlango ulikuwa wazi. Prosper, aliyekuja kuulizia matokeo, alikuwa amesimama pale.

"Madam, samahani," akasema. "Yule mzee alikuwa anasema nini?"

Kauthar akamweleza neno kwa neno. Uso wa Prosper ukamshuka.

"Maneno yote hayo nayajua," akasema. "Ningeyakuta kwenye karatasi ningepata yote. Sikuyasikia." Kisha akamgeukia Manase. "Mkuu, Jumamosi siendi. Nitawapigia mwenyewe."

Likizo nzima Prosper alishinda Moshono kwa Hans, wakimenya ndizi na kubishana kuhusu mpira kwa Kijerumani. Mtihani wa marudio aliufaulu kwa alama ya kawaida tu, sentensi zimejaa makosa ambayo zamani hakuwa nayo. Kampuni ilimchukua Zamda. Manase alisaini mkataba mpya wa Kauthar bila kumwangalia usoni, na hadi leo wakipishana kwenye korido anamwitikia kwa kichwa tu.