Nikae Tingi, Mzee

Leo nimefungua mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, harufu ikanirudisha kwenye benchi la baraza la kata, kule Mbinga. Mama alikuwa amepanda kutoka ziwani, kanga yake inanuka usipa. Baba alikaa upande wa pili, mabuti yake yana matope ya shamba la kahawa. Mimi katikati, miguu haifiki chini. Walikuwa wameshaachana, kilichobaki kugawana ni mimi.

"Haya mwanangu," mwenyekiti akasema, "unataka kukaa na nani?"

"Shikamoo," nikajibu, nivute muda.

"Marahaba. Na nani?"

"Nikae Tingi, mzee. Pale katikati ya huku na ziwani, gari linaposimama watu wachimbe dawa."

Baraza zima likaangua kicheko. Mama akacheka mpaka akamshika baba bega.

"Huyu mdomo kaurithi kwako," akamwambia.

"Kwangu? Huyo ni wewe mtupu!" baba naye akacheka.

Tangu mama ahame, nilikuwa sijawaona wakicheka pamoja. Mwenyekiti akafuta machozi, akaanza kuandika: shule kwa baba, likizo kwa mama. Mkono wa mama ukatoka begani kwa baba. Nikatafuta haraka utani mwingine. Sikuupata.